Baharini Nani Anawachotea?

Saa nane usiku nimepiga magoti mbele ya tangi langu la samaki wa baharini, jagi la plastiki mkononi. Nachota maji, nainua jagi mpaka usawa wa kidevu, namwaga kwa mbali ili yapige mapovu, nachota tena. Umeme ulikatika tangu jioni, pampu ndogo ya hewa ya betri ilijitahidi weee mpaka ikaishiwa nguvu, na yule samaki wangu mkubwa aina ya klauni alishaanza kuning'inia juu juu karibu na uso wa maji, mdomo unafunguka na kufumba haraka haraka. Shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea wiki ile, ndo alikuwa ananimulikia kwa tochi ya simu. Kavumilia, kavumilia, mwisho akauliza:

"Hivi shem, huko baharini nani anawachotea?"

Mi nikacheka. Yeye wala, alikuwa anauliza kweli.

Umeme ulirudi alfajiri, hakuna aliyekufa, na kwa kawaida stori kama hii ningeisimulia mara moja ikaisha. Lakini lile swali liligoma kuondoka. Nikiwa nasugua kioo linakuja, nikiwa napima chumvi linakuja, wiki zimepita na mimi bado nabishana kichwani na mtu ambaye nina hakika alishasahau hata kama aliuliza.

Basi niandike, labda litaniachia.

## Usiku ndo kipimo

Tangi la matumbawe mchana linadanganya. Taa zikiwaka mwani unatoa oksijeni, na vile vijimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya nyama ya matumbawe, zooksanthela, navyo vinatoa, pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, inapanda huko 8.3, kila mtu anapumua vizuri na wewe unajiona fundi. Zima taa uone. Hakuna anayetengeneza tena, wote wanavuta: samaki, konokono, kamba, matumbawe yenyewe, na wale ambao huwa hatuwahesabu, bakteria waliojaa kwenye kila tundu la mwamba na kila punje ya mchanga. Hao ndo wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, ndo tuliowasubiri wiki nne mpaka sita pale mwanzo kabla hatujaweka samaki hata mmoja, na kazi yao hiyo inakula oksijeni usiku na mchana.

Alafu maji yenyewe ni bahili. Maji yasiyo na chumvi kwenye nyuzi 25 yanaweza kubeba oksijeni miligramu 8 na kidogo kwa lita. Maji ya bahari kwenye joto hilo hilo hayafiki 7. Na yakizidi joto yanabeba pungufu zaidi, wakati viumbe waliomo ndani joto likipanda wanataka zaidi. Yaani unaingia usiku na akiba ndogo, na walaji wengi.

Jagi linasaidia kwa sababu hewa inaingia pale uso wa maji unapovurugika. Sio lazima mapovu mengi kama watu wanavyodhani, muhimu uso uvunjike vunjike na maji ya chini yapande nayo yapate zamu. Samaki ndo wanaolemewa kwanza, tena wale wakubwa na wale wanaoogelea sana. Matumbawe mengi yanajikunja tu na kusubiri.

Nitie neno moja hapa kwa wenye vile vichujio vya kopo, vilivyofungwa pande zote. Umeme ukikatika muda mrefu, maji yaliyobaki humo ndani yanaishiwa oksijeni na kuanza kuoza, sasa umeme ukirudi wenyewe wewe umelala, pampu inakutemea uchafu wote ule ndani ya tangi kwa mkupuo. Mwaga kwanza, suuza kwa maji ya tangi, ndo uwashe. Inauma sana kupoteza samaki aliyevuka usiku mzima salama kwa ajili ya dakika ile moja ya mwisho.

## Nikaanza kufuata nyaya

Wikiendi iliyofuata nikalala chini nyuma ya kabati la tangi nikawa nafuata waya mmoja mmoja, na kwa kila plagi nauliza swali la shemeji. Wewe hapo, baharini kazi yako nani anaifanya?

Pampu ya mawimbi ni rahisi, wimbi. Lakini nikakaa nayo kidogo. Tumbawe limegandia mwambani, haliwezi kufuata chakula, haliwezi kujikung'uta ute na takataka zilizotua juu yake, haliwezi hata kusogea pembeni kutafuta maji yenye hewa. Vyote hivyo linaletewa na maji yanayokuja na kurudi, kuja na kurudi. Ndo maana mkondo wa upande mmoja unaolipiga tumbawe mchana kutwa unalichubua, nyama inaachia mfupa, na ukibadilisha mwelekeo wa pampu linanenepa.

Hita na feni nikadhani ni jua. Sio jua, ni ukubwa. Bahari haibadiliki joto ndani ya saa moja kwa sababu ni kubwa mno, basi, hakuna siri nyingine. Sisi ukubwa huo hatuna kwa hiyo tunaununua kwa kifaa chenye taa nyekundu kinachowaka na kuzima.

Kile kifaa cha kujazia maji yanayopungua, chenye boya lake dogo, kinashika nafasi ya mvua na mito. Maji yanaruka kama mvuke, chumvi inabaki. Piga hesabu uone: tangi la lita 40 lina chumvi gramu 35 kwa lita, zikiruka lita 2 ukakaa kimya, chumvi inafika karibu gramu 37. Lita hizo hizo 2 zikiruka kwenye tangi la lita 400 chumvi inafika 35.2, konokono hata hashtuki. Ndo maana tunajazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi kabisa, na ndo maana huwa nabishana na wanaowaambia wanaoanza wachukue tangi dogo la kujifunzia. Tangi dogo ni la fundi. Anayeanza anahitaji maji mengi ya kumsitiri.

Skima, ile mashine ya kutoa uchafu majini kwa mapovu, nilijua hii sasa ni ya binadamu peke yake. Kumbe hapana. Ukisimama ufukweni siku ya upepo unaona povu limekusanyika pembeni, zito, la rangi ya udongo. Maji yakipigwa na hewa, mafuta na protini na mabaki ya viumbe vinashika kwenye kuta za viputo, upepo unayasukuma nje. Skima inafanya jambo hilo hilo ndani ya bomba, na juu kuna kikombe kinachojaa maji meusi yanayonuka mpaka jirani anauliza.

Hata mkono wangu na sifongo vina mwenyewe kule. Samaki aitwaye pono anaguguna mwamba kutwa nzima, samaki kangaja wanapita kundi zima wananyoa mwani, tasi wanafuata nyuma yao. Pono ndo usimfikirie kabisa, hakuna tangi la nyumbani la kumtosha, na mwamba wako ataumaliza. Kwa hiyo konokono, sifongo, na mgongo wangu.

Iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuwa zile chupa za pembeni, za kalsiamu na alkalini, yaani ule uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe. Matumbawe magumu yanajenga mfupa wao kutokana na kilichomo majini, kila kalsiamu inaposhuka miligramu 20 kwa lita, alkalini nayo inashuka karibu digrii 2.8, zinaenda pamoja. Bahari haihisi. Kwenye tangi lenye matumbawe magumu mengi yanayokua vizuri, alkalini inaweza kushuka digrii nzima kwa siku moja, hata zaidi, na hapo ndo kuna kejeli ambayo wanaoanza hawaambiwi, kwamba kadiri unavyofanikiwa ndivyo unavyozidi kufungwa. Tumbawe likiwa dogo linakusamehe siku ya kusahau. Likishakuwa kubwa, zuri, la kupigwa picha, halikusamehi.

Nilipomaliza nikakaa kitako sakafuni. Wimbi, mvua, mto, upepo, ukubwa wa bahari, vyote vimekaa kwenye ekstensheni moja nyeupe.

Nikaitazama ile swichi yake.

## Kijakazi wa London

Katika kusoma soma ndo nikakutana tena na Anna Thynne, ambaye nilishamsikia zamani nikampita tu. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, pwani ya kusini mwa Uingereza, akavutiwa na matumbawe madogo ya huko, akayabeba ndani ya chombo mpaka London. Mume wake alikuwa kasisi wa Westminster Abbey, yaani bibi huyu anaishi katikati ya jiji, maji ya bahari hana, ya kuagiza yanachelewa, na hakuna mtu aliyekuwa anajua namna ya kuyaweka hai. Akaamua maji yale yale ayatumie tena. Yanamiminwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano, yapate hewa.

Soma hiyo tena. Anachota na kumwaga.

Ila hakuwa anachota yeye. Katika maelezo yake yaliyochapishwa mwaka 1859 anasema kazi ile ilikuwa ya kuchosha, lakini alikuwa na kijakazi aliyependa kumridhisha na ambaye kazi yenyewe aliiona kama burudani.

Burudani! Mimi nilichota usiku mmoja tu, kwa hiari yangu, samaki ni wangu, na asubuhi bega lilikuwa haliinuki. Ningependa sana kusikia upande wa yule binti, lakini yeye anatajwa kama kijakazi tu, hadithi inaendelea bila yeye. Mwaka 1847 bibi akaongeza mwani ndani ya maji, na mwani ukaanza kusaidia ile kazi ya hewa. Leo anatajwa kama mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuweka viumbe wa bahari hai kwa muda mrefu ndani ya nyumba.

Hapo ndo mawazo yangu yalipogeuka kidogo. Maana historia yote ya hobi hii, ukiitazama kwa jicho la yule binti, ni historia ya kutafuta nani mwingine ashike jagi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika kuhusu matangi yake: mwamba uliotolewa baharini ukiwa bado na uhai wake, maji ya bahari, jua, na mapovu machache ya hewa, karibu hakuna mashine. Alikabidhi kazi kwa viumbe. Miaka ya 1980 wafugaji wa Berlin wakachukua mwamba hai wakauongezea skima na taa kali, matumbawe magumu yakaanza kukua kweli kweli, mpaka tumbawe gumu moja aina ya Acropora la mfugaji aitwaye Dietrich Stüber likakatwa vipande vikagawanywa mkono kwa mkono, vikazaa vipande vingine, vikasambaa mbali sana na Berlin. Hao walikabidhi nusu kwa viumbe, nusu kwa plagi.

Na sisi tuliokuja baadaye, kwa kweli, tumeegemea plagi. Kila tatizo lina kifaa chake na kila kifaa kina waya.

Sasa usiniambie kwamba njia ya Lee ingeniokoa ule usiku. Viumbe wengi nao wanapumua, tangi lililojaa uhai bila mkondo linakata pumzi upesi kuliko tangi tupu. Nilichokiona ni kingine. Nilikuwa napanga tangi langu kwa kuangalia siku yake nzuri, taa zinawaka, vipimo vyote viko sawa, mimi nipo nyumbani, na kila kiumbe niliyemleta nilimchagua kwa kujiuliza ataishi vizuri siku kama hiyo. Siku mbaya sikuwahi kuipa kiti mezani.

Yule klauni aliyekuwa anahema juu ya maji, aina yake ikitunzwa inaweza kupita miaka 20. Miaka 20 ina usiku mbaya mwingi.

## Ubishi ambao sijaumaliza

Kuna watu watasema, si ungewaacha tu baharini yakaisha? Hilo nalo nimelala nalo.

Kwa klauni jibu langu ni jepesi, wangu hawajawahi kuiona bahari, wamezaliwa ndani ya tangi, na aina hiyo imekuwa ikizalishwa hivyo kwa miaka mingi. Matumbawe yangu nayo ni vipande vilivyokatwa kwa wafugaji wengine. Lakini hobi yetu kwa ujumla haiwezi kujificha nyuma ya klauni. Aina nyingi sana za samaki wa bahari tunaowafuga bado wanavuliwa porini, na kuna sehemu wamevuliwa kwa kupuliziwa sianidi mwambani ili walewe washikike kirahisi, dawa ambayo inaua na matumbawe yaliyo karibu. Yule kangaja wa manjano wa Hawaii ambaye kila mtu anamtaka ilibidi tusubiri mpaka 2015 watafiti wa huko walipofanikiwa kumlea toka yai mpaka mkubwa. Mpaka hapo, kila mmoja aliyekuwa kwenye tangi la mtu alikuwa ametolewa baharini. Kila mmoja.

Na ile hoja kwamba tangi linaelimisha watu wapende bahari, jamani, inaweza kuwa kweli kwa baadhi ila mimi siwezi kuiegemea. Shemeji amekaa mbele ya tangi langu wiki nzima na alichojifunza ni kwamba mume wa dada yake ana matatizo.

Tena tangi linaweza kuidhuru bahari moja kwa moja. Mwaka 1984 mwani wa mapambo, Caulerpa taxifolia, ulionekana baharini Monaco chini ya jumba la makumbusho ya bahari, ulipotoka ni kwenye matangi, na baadaye ukaenea kwenye maeneo makubwa ya Mediterania ukifunika majani ya asili ya chini ya bahari. Kwa hiyo yule anayechoka na hobi akaenda kumwaga tangi lake ufukweni akidhani anawarudishia uhuru, hapana. Tena hapana kubwa.

Nilikuwa nimefika hapo, karibu niseme shemeji kashinda, baharini hakuna anayewachotea na hawamhitaji mtu.

## Alafu nikakumbuka Florida

Julai 2023 maji ya bahari ya Florida, Marekani, yalichemka. Sisemi kwa kutia chumvi, kipimo kimoja kwenye ghuba ya kina kifupi kilisoma nyuzi 38.4. Matumbawe yanapauka joto likizidi nyuzi moja tu juu ya kawaida ya kiangazi chao likakaa hivyo wiki kadhaa: yanawatema wale zooksanthela, yanabaki meupe, hai bado lakini yana njaa, na yasipowapata tena yanakufa. Watu wanaokuza matumbawe kwenye vitalu vya baharini huko wakaingia majini wakaanza kuyang'oa, maelfu ya vipande, wakayakimbiza nchi kavu.

Kwenye matangi. Yenye hita na feni na pampu na ekstensheni zao.

Niliisoma habari hiyo wakati ule nikaona ni habari tu ya kusikitisha. Safari hii niliisoma huku swali la shemeji liko masikioni. Baharini nani anawachotea? Kumbe sehemu nyingine siku hizi kuna mtu. Kule London, kwenye makumbusho ya Horniman, wameweza kuyafanya matumbawe yazae ndani ya matangi kwa kuyaigizia misimu ya joto na mwezi unaokua na kufifia, maana kule porini yanasubiri mwezi kabla ya kuachia mayai. Mwaka 2019 Florida Aquarium wakafanikiwa na tumbawe-nguzo, aina ya Atlantiki iliyokuwa inatoweka. Fikiria mtu anawasha mwezi wa bandia kila jioni na kuupunguza kidogo kidogo, kwa ajili ya usiku mmoja kwa mwaka.

Sasa kuna mtu ataruka hapa aseme basi, unaona, tunaokoa. Hapana. Tangi langu sebuleni haliokoi mwamba wowote na nisingependa mtu anivalishe kilemba hicho. Yale ya Horniman ni matangi ya watafiti. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: mpaka niliokuwa nimeuchora kichwani, upande huu viumbe wanaomtegemea mtu na upande ule bahari isiyomtegemea mtu, haupo tena wima kama nilivyodhani. Joto la bahari tumelipandisha sisi. Tumeshika swichi ya huko pia, na hatukuwahi kulala chini kufuata nyaya zake.

Hilo halikunifariji. Lilinifanya niache kutafuta jibu la kumshinda shemeji nianze kurekebisha kilicho mbele yangu.

## Siku mbaya imepewa kiti

Niliyobadilisha sio makubwa. Nimepunguza samaki. Pampu ya mawimbi moja sasa inatumia umeme mdogo na iko kwenye betri yake peke yake, umeme ukikatika inaendelea polepole, haihitaji mimi niamke. Bomba la kurudishia maji toka kwenye tangi la chini nimelitoboa kitundu karibu na uso wa maji, pampu ikizima kitundu kinavuta hewa na kukata mvuto, maji hayarudi chini yote kufurika sakafuni. Kitundu hicho uwe unakisafisha, konokono mmoja akikaa pale umekwisha.

Kisha jirani. Hii ndo ilikuwa ngumu kuliko vifaa vyote, kumfundisha mtu mwingine. Kwanza niliandika karatasi ndefu, nikaichana, maana mtu akiwa na wasiwasi anafanya kila kilichoandikwa. Iliyobaki ina mambo machache: chakula kiko kwenye vipakti vya siku moja moja na siku akisahau asirudishie, samaki mzima hafi kwa kukosa siku moja ila maji yanaharibika kwa kulishwa mara mbili, maji yakipungua ajazie ya dumu la bluu tu, na asiguse mwamba. Hilo la mwisho nililisema kwa mdomo pia nikiwa namtazama usoni. Vile vitumbawe vizuri vya mviringo vilivyojipanga kama vifungo, zoanti na ndugu zake palithoa, baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno, na kuna watu wameishia hospitali familia nzima kwa sababu mtu alichemsha mwamba au kuusugua kwa maji ya moto ili kuwaondoa, mvuke ukajaa nyumba. Jirani akaniuliza, "Na wewe unaishi nayo ndani?" Ninaishi nayo, navaa glavu na miwani, na sichemshi kitu.

Lililonigharimu ni Acropora. Nilikuwa na moja, kahawia kahawia, haikuwahi kuchukia kwangu lakini haikuwahi kufurahi pia, na nilipoipima kwa siku mbaya haikupita hata kidogo. Inataka alkalini isiyotikisika, taa kali, mkondo mkali, yaani inataka kila kilicho kwenye ekstensheni kiwepo muda wote. Nikaamua nibaki na matumbawe laini, yale ya ngozi na uyoga, ambayo nguvu ikikatika yanajikunja na kesho yake yanafunguka. Nikaitoa Acropora pamoja na kijimwamba chake nikampa rafiki yangu ambaye ana inveta, ana pampu za akiba, ana mashine ya kupima alkalini yenyewe, ana kila kitu.

Huyo jamaa haafikiani na makala hii nzima. Nilimsomea rasimu akaniambia ninaita woga kwa jina zuri. Anasema mtu akipanga kila kitu kwa kuogopa siku mbaya hatafuga kitu chochote chenye thamani, na kwamba kazi ya mfugaji ni kuipigania siku nzuri. Nikamwuliza na akiugua yeye? Akasema mke wake anajua mfumo wote kuliko yeye, na mke wake kwa nyuma akasikika, "Kweli kabisa." Hapo sikuwa na la kujibu, maana huyo bwana jagi lake lina mshikaji wa pili.

Juzi kanitumia picha. Ile Acropora imetoa matawi mapya, ncha zimegeuka zambarau iliyokolea, kwangu hazijawahi kuwa na rangi hiyo. Chini kaandika, "Ukiwa tayari njoo ukate kipande chako." Wivu upo, siwezi kuwadanganya. Sijamjibu, ila nimeanza kusoma habari za inveta.